Mwaka Tulioandika Vibaya kwa Makusudi

Tulicheka kwenye matanga ya Mama Kambale, na sioni haja ya kumwomba mtu radhi. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, akina mama wa Butembo wako upande wa jikoni wanachambua mboga, na padri ameshaondoka. Rafiki yangu Furaha alikuwa ameshuka kwenye basi la Kampala asubuhi ile, miguu imemvimba kwa safari. Kati yetu wawili alikaa Kambale, mtoto wa marehemu, ambaye siku hizi anauza mbao na ana kipara kinachong'aa. Alikuwa hajasema neno tangu makaburini. Furaha akamwinamia akamnong'oneza, "Una miguu miwili, wa kulia na mwenziwe." Mabega ya Kambale yakaanza kutikisika. Mama mmoja akaja mbio na kikombe cha maji, akidhani kilio kimemshika upya, kumbe mwenzetu anacheka. Mimi nikamfuata, Furaha akanifuata, na baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia mwingine. Mzee mmoja wa ukoo akauliza kwa ukali kuna nini. Kambale akasimama, akajifuta uso, akawasomea waombolezaji wote shairi la bata kutoka kichwani, na wale waliokuwa wakitukodolea macho wakacheka kuliko sisi.

Vijana waliokuwepo hawakuelewa shairi lile lilitoka wapi, na jioni kijana mmoja wa ukoo wake Kambale alinifuata kuniuliza. Nilimwambia ni mambo ya mwaka wa mlima. Akaniuliza mwaka upi, maana tangu hapo mlima umemwaga moto tena, na waasi nao wamekuja, wakaondoka, wakarudi kwa majina mengine. Kwa watoto wa Goma mambo hayo yamekuwa kama misimu. Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa nimechoka, lakini nilipofika nyumbani niliona nimemnyima kitu. Haya ndiyo ningemwambia.

Ulikuwa mwaka wetu wa mwisho wa sekondari. Moto wa volkano ulikuwa umeshuka mlimani, ukakata mji katikati mpaka ziwani, ukala nyumba ya kina Kambale pamoja na mtaa wao wote. Yeye na mama yake wakapata chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, nyuma ya nyumba yetu, chumba cha mbao kilichobandikwa ndani mifuko ya saruji ili upepo usipite. Kilikuwa na kitanda kimoja, godoro lililosimamishwa ukutani mchana, pazia la kitenge lililotenga jiko, na dirisha lisilo na kioo ambalo bata aliingilia na kutokea apendavyo. Bata huyo alikuwa wa Mama Kambale. Siku ya moto kila mtu alikimbia na alichoweza kushika, wengine kuelekea Gisenyi, wengine Sake, na bata akaachwa. Waliporudi walimkuta ufukweni Kituku, katikati ya mitumbwi ya wavuvi, mnene kuliko alivyoachwa, anatembea kama mwenye mali. Mama Kambale alimbeba kwapani mpaka Majengo akimkaripia njia nzima.

Mle ndimo tulimoanza. Shule yetu ilikuwa chini ya mawe ya volkano, na wakati tukingoja mbao za kujengea madarasa mengine hatukuwa na kazi. Kila mtu mjini alikuwa na maneno makubwa. Wahubiri walisema ni dhambi zetu, redio ilisema ni gesi, wazungu wa misaada waliokaa mtaa wa Himbi walisema sisi ni watu wenye moyo wa ajabu, na waasi walioshika mji walisema wao ndio walioturudisha salama. Siku moja Furaha, msichana asiyeweza kukaa na jambo moyoni, alirudi kutoka kusikiliza hotuba mojawapo, akavua viatu akasema, "Nilichoka na maneno muzuri. Leo nataka mubaya, ile ya kunuka." Akakaa chini, akaandika beti mbili kuhusu kiroboto aliyeoa. Zilikuwa mbovu kiasi kwamba Kambale, ambaye alizungumza polepole na uso wake haukuonyesha kitu, alilala chali sakafuni akaomba apepewe.

Tangu siku hiyo tulikutana kila Ijumaa baada ya swala, kwa kuwa Ijumaa nyumbani kwetu tulipika wali na mimi nilitumwa na sufuria kwa majirani. Mwenye shairi bovu kuliko yote ndiye aliyekula ukoko. Msidhani ni kazi rahisi. Mtu asiyejua hata kidogo huandika shairi la kuchosha, wala halichekeshi. Ubovu wa kweli unataka uangalifu: lazima shairi lijiamini, lipande juu kwa mbwembwe, kisha likanyage mkia wake lenyewe. Mimi nilikuwa na uwezo wa kati. Furaha alikuwa na haraka, akicheka kabla ya kufika mwisho. Kambale alikuwa bingwa. Alisimama mbele ya lile godoro, mkono mmoja kifuani, akasoma kwa sauti ya askofu, na Mama Kambale nyuma ya pazia akiguna, "Mungu wangu, na ninalipiaka huyu mutoto masomo." Lakini tulimsikia akizuia kicheko, na aliposhindwa kukizuia aligonga mwiko kwenye sufuria ili tusimsikie. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimeolewa, nimezika, nimekimbia mji na kurudi, na bado naona hapakuwa na furaha safi kama ile ya kuharibu kitu kwa bidii bila mtu kuumia.

Shairi la bata lilikuwa la Ijumaa mojawapo, na lilikwenda hivi:

Ewe bata mtukufu, bata mwenye bahati,
kifua chako mbele, na tumbo katikati!
Una miguu miwili, wa kulia na mwenziwe,
ukipita barabarani, huomba radhi mawe.
Ukiingia ziwani, maji yenyewe hulowa,
ukitoka, samaki hulia kama wameolewa.
Mlima ulipowaka, wewe hukuwaka kamwe,
bata, bata, bata, bata, bata wewe mwenyewe!

Alikula ukoko wote peke yake, hatukubishana.

Sasa, yeyote aliyesoma kwetu anajua kwamba mkubwa hafiki shuleni bila kusomewa poeme. Iwe ni kufungua choo, lazima mwanafunzi asimame na karatasi amsifu mgeni, na mgeni asiposifiwa huona amedharauliwa. Madarasa ya mbao yalipokamilika ilitangazwa kwamba Afande mmoja wa waasi, mkubwa wa jeshi upande wetu, atakuja kuyafungua. Prefe wetu, mkuu wa shule, akampa Kambale kazi ya poeme, kwa sababu alikuwa na sauti. Kambale hakuandika kitu. Asubuhi ya sherehe, tukiwa tumeshapanga mistari uwanjani, alitunong'oneza kwamba atasoma ya bata na kuweka Afande kila penye bata. Tulidhani anatania. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, wahenga walisema, na sisi tuliusikia msemo huo tangu utotoni bila kuutilia maanani.

Alisoma yote. Afande mtukufu, Afande mwenye bahati, tumbo katikati, miguu miwili na mwenziwe. Mimi niliuma kola ya shati langu mpaka ikalowa. Prefe alikuwa amefumba macho kama anayesali. Na Afande, mtu mnene mwenye miwani myeusi, alisogea mbele kwenye kiti chake, akavua miwani, na ulipofika mstari wa mwisho, Afande, Afande, Afande, Afande, alipiga makofi kufuatisha, na askari wake wote wakapiga. "Uyu mutoto ananijua!" alisema kwa sauti. "Batu banaandikaka mambo ya uongo. Uyu anasema kweli!" Akamwita mbele akamkumbatia.

Mwanzoni ilituchekesha. Afande akawa anatuma gari kumchukua Kambale kwenda kusoma kwenye nyumba aliyojitwalia Himbi, yenye majani yaliyokatwa vizuri mpaka ukingoni mwa ziwa. Kambale alirudi na nyama choma ndani ya karatasi, akatuhadithia. Lakini alianza kukonda. Alisema ni vigumu kucheka ukiwa umezungukwa na bunduki. Alijaribu kuandika mbovu zaidi, ili mtu yule agundue mwenyewe na kumfukuza. Alimfananisha na chukudu, baiskeli yetu ya mbao, iliyopakia viazi na kushuka mlima bila breki. Afande alifurahi karibu kulia. "Kweli kabisa! Miye sina fren!" Hakuna ubovu uliomfikia. Kadiri shairi lilivyokuwa la kipumbavu ndivyo alivyojiona ndani yake.

Kisha tulisikia jambo ambalo halikusemwa kwetu. Chumba cha kina Kambale kilitenganishwa na cha jirani kwa ubao mmoja tu, na jirani huyo, Papa Saidi, alikuwa dereva wa magari ya Afande, mtu mpole wa asili ya Maniema ambaye ugomvi wake wote na mkewe tuliujua kwa moyo. Mchana mmoja alikuwa anakula. Tulimsikia akisema, "Juma tatu tunapanda Masisi. Afande anahama na batu bake bote. Na kale katoto ka poeme, tuko nakapeleka." Mkewe akauliza, "Kale ka Mama Kambale? Na mama yake anajua?" Papa Saidi akasema polepole, "Nani atamuambia?" Hatukusikia tena kitu ila kijiko kwenye sahani. Nyuma ya pazia letu, Mama Kambale naye alikuwa ameacha kukoroga. Alikuwa amesikia kama sisi.

Ni lazima nieleze uzito wa neno lile, kwa sababu wasioishi wakati ule wanaweza kudhani Kambale alipewa kazi. Wavulana waliopanda na misafara ile, wawe makuli, wapishi au waimbaji, walivikwa sare baada ya juma moja. Kutoka mtaa wetu walikwenda kadhaa, na sijamwona hata mmoja tena. Kukataa hakukuwezekana, na kukimbia kungemwacha mama peke yake na askari mlangoni. Mtihani wa serikali ulikuwa karibu. Mama Kambale alikuwa amepoteza nyumba, duka lake dogo la sabuni, na kila kitambaa alichokuwa nacho, na mwanawe ndiye aliyebaki. Niliogopa. Naandika neno hilo wazi, kwani tulipokuwa vijana hatukuliandika, tulitunga upuuzi juu yake.

Siku ya Jumapili Afande aliandaa karamu ya kuaga, na kwaya yetu ya shule ikaalikwa, pamoja na Kambale na poeme mpya. Jumamosi tulikaa watatu chumbani, hakuna aliyecheka. Furaha ndiye aliyesema. "Kuko kitu moja hatuyamujaribu nayo. Muzuri."

"Muzuri gani?" Kambale akauliza.

"Poeme muzuri. Kama anapendaka mubaya, muzuri itamushinda."

Tukatazamana kama watu walioambiwa waruke mpaka ng'ambo ya ziwa. Tulikuwa tumejizoeza ubovu miezi yote ile, na mkono ukizoea jambo hauachi kwa kuombwa. Niliandika beti ya amani ni ua, vita ni mwiba. Furaha akaisoma akanirudishia. "Iyi iko mubaya kupita ya bata, na weye ulifikiri ni muzuri." Yeye mwenyewe aliandika juu ya machozi ya Afrika, akaichana kabla hatujaiona. Kambale hakuandika. Alikuwa anasikiliza jikoni. Mama yake aliipua chungu, akapakua maharage, na tukayasikia yakianguka kwenye sahani ya bati, ko, ko, ko, magumu. Mimi nilikuwa nimekula maharage yake mara nyingi tangu wahamie pale, na kila mara nilidhani anabania makaa. Kambale alilitazama pazia muda mrefu. Kisha akachukua kalamu, akatugeuzia mgongo, na hakutuonyesha.

Karamu ilikuwa mchana wa jua. Kulikuwa na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wa kukaanga kwenye masinia, mbuzi wawili, bia kwa wakubwa na Fanta kwetu sisi wa kwaya. Tuliimba nyimbo zetu, kisha Afande akapiga meza kwa kiganja, akaita, "Poète wangu!" Kambale akasimama penye kivuli cha ukuta. Hakuweka mkono kifuani. Alisoma kwa sauti ya kawaida, ile aliyotumia kuniomba chumvi.

Siku ile Mama aliacha maharage motoni.
Aliongeza maji, akafunika, akasema:
nitarudi yakiiva.
Tuliporudi hapakuwa na nyumba wala jiko.
Mawe yalikuwa bado ya moto.
Mama alisimama juu yake, akanusa.
Tangu siku ile hangoji tena.
Anaipua maharage yakiwa magumu,
tunakula, tunanyamaza,
hakuna anayemwambia: bado.

Nilikuwa na chupa mkononi, na nakumbuka kwamba sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimekaa na maharage yale mdomoni miezi na miezi bila kuyaelewa. Mwanamke mmoja, mke wa ofisa fulani, aliyevaa dhahabu mpaka vidole vikashindwa kukunjika, aliweka mfupa chini akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Askari mmoja aliyesimama langoni aligeukia ziwa. Afande alingoja. Alidhani kuna beti nyingine inakuja. Ilipokosekana akavua miwani.

"Na miye?" akauliza. "Miye niko fasi gani mu iyi poeme?"

"Afande, hauko ndani," Kambale akasema.

Furaha alinishika mkono, kucha zake zikaniingia. Katibu wa Afande alikuwa ameshainuka kwenye kiti chake. Afande aliangalia wageni wake mmoja mmoja, wale waliokuwa wameacha kutafuna, na nikaona uso wake ukiwa kama wa mtoto aliyepelekwa kwenye sherehe asipewe soda. Hakukasirika, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Alichoka tu. "Umeharibia batu chakula," alisema. "Nilitafuta mutu wa kutuchangamusha njiani. Uyu atalilisha basoda bangu, askari bazima balie kama batoto." Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Arudie kwabo. Muite bale ba ngoma."

Tulitoka Himbi tukitembea haraka bila kukimbia, kwa kuwa anayekimbia huulizwa anakimbia nini. Hivyo hivyo mpaka tukaingia Majengo. Mama Kambale alikuwa amekaa mlangoni, na miguuni pake kulikuwa na mfuko aliokwisha kuufunga: mashati mawili, blanketi, sabuni, rozari. Alikuwa ameujua mpango wote na hakutaka mwanawe aende kwenye baridi ya Masisi bila blanketi. Alitutazama tukikaribia, akatuhesabu kwa macho.

"Anakuja kukukamata saa ngapi?" akauliza.

"Hakuna tena, Mama. Amenikatala."

"Juu ya nini?"

"Poeme haikumupendeza."

Mama Kambale akasema, "Niisomee nisikie, iyo yenye imekuokoa." Na hapo nikamwona Kambale akiogopa kweli, kuliko alivyoogopa mbele ya bunduki. Alisema karatasi imepotea. Mama yake akanyoosha mkono akaitoa mfukoni mwa shati la mwanawe, akampa asome. Yeye mwenyewe hakujua kusoma vizuri. Kambale akasoma palepale mlangoni, taratibu, macho yake chini. Mama yule hakuwa amelia siku ya moto, wala siku aliyosimama juu ya mawe, wala kanisani walipowaombea walioungua. Alisikiliza mpaka mwisho, machozi yakimshuka, na hakuyafuta. Tulisimama pale bila kujua tumshike au tumwache.

"Haikukuwa maharagi peke yake," alisema hatimaye. "Nilitia na ndizi mule. Ndizi ya Butembo, ulikuwa unaipenda."

"Sikukumbuka, Mama."

"Basi soma tena," akasema, akisogea ili mwanawe apate pa kukaa. "Soma tena, na utie ndizi."